Kopo la Mvua na Gauni la Jenipher

Mungaa, 11 Februari 2024

Kwako dada yangu Selina,

Kwa masikitiko makubwa, familia ya Hezekia wa Mungaa inatangaza kifo cha kopo lake la kupimia mvua, kilichotokea Alhamisi saa mbili asubuhi baada ya kukanyagwa na ndama. Marehemu alizaliwa kopo la maziwa ya unga, akaajiriwa nyuma ya nyumba mwaka 2005, na hadi mauti yanamfika alikuwa amepima misimu kumi na tisa bila kudai likizo. Habari ziwafikie ndugu na jamaa wote popote walipo. Ndama anaendelea vizuri.

Baada ya tangazo hilo, habari za Itigi? Sisi wazima. Wifi yako Joyce anakusalimu, anasema ulimwahidi kitambaa cha mezani tangu Krismasi ya juzi. Mvua imezidi mwaka huu, mtama umefurahi, mahindi yamegeuka manjano. Kicheche amechukua kuku wawili, na mmoja alikuwa mzuri.

Sasa jambo lenyewe. Jenipher wetu amechumbiwa. Kijana anaitwa Gervas, mwalimu, kwao Kinampanda. Anaongea kidogo na anakula sana, sijaona kasoro nyingine. Harusi ni baada ya mavuno. Unajua kwetu gauni la bibi harusi hushonwa na shangazi, na siku yenyewe shangazi ndiye anayemfunga mkanda kabla hajatoka chumbani. Wewe mwenyewe ulivaa la shangazi, likakubana kwapani, na hukulalamika mpaka picha zilipotoka. Jenipher hana shangazi mwingine.

Najua habari ya mikono yako. Ndiyo maana naandika wala sipigi simu. Kwenye simu wewe husema "mzima" kabla sijamaliza kuuliza. Basi nijibu kwa barua, kwa mkono wako, utaweza?

Halafu nimefikiri. Mimi si daktari, niliishia darasa la saba, lakini nimeitazama mvua miaka mingi. Hakuna kitu kinachokuja bila dalili. Nunua daftari. Kila asubuhi andika vidole vimeamkaje, jana ulikula nini, na upepo ulikuwaje. Niletee. Nitaupata mpango wa huo ugonjwa.

Ndimi kaka yako,
Hezekia


Itigi, 3 Machi 2024

Kaka Hezekia, shikamoo.

Poleni na msiba. Mwambie ndama asijilaumu.

Mimi nipo. Treni zinapita, vumbi linapita, wateja wanapita na kusema watarudi. Rukaiya, yule mwenye duka la vitenge ninayepanga naye kibaraza, anakusalimu. Anasema mwanaume anayemwandikia dada yake barua zama hizi ama ana mapenzi ya kweli ama ana deni. Nimemwambia ngoja tuone.

Jenipher nimempigia, nimempongeza, tumelia pamoja mpaka salio likaisha.

Daftari nimenunua. Haya, wiki moja:

Jumatatu, vidole vizuri. Jana yake ugali na mlenda. Upepo wa kawaida. Jumanne, vimegoma, nimeshindwa kufungua chupa ya chai, nikainywa kwa macho. Ugali na mlenda. Upepo wa kawaida. Jumatano, vizuri. Alhamisi, vimegoma hadi adhuhuri. Jana yake Rukaiya alileta nyama ya mbuzi. Ijumaa, vizuri sana, nimeshona sketi nne za shule. Jumamosi, vizuri mpaka saa nane, halafu kidole gumba cha kulia kikajitoa kwenye chama peke yake. Jumapili sikuandika, nilikuwa kanisani nikijifanya napiga makofi.

Ukiuona mpango hapo, uniambie. Daktari nilimuuliza hivyohivyo: hii baridi yabisi itanifunga tena lini? Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akasema, "Mama, ningekuwa najua ningekuandikia kwenye kadi." Vidonge nameza mara moja kwa wiki, na damu wanapima. Vinasaidia. Vinasaidia kiasi gani na mpaka lini, hilo nalo halimo kwenye kadi.

Kuhusu gauni nimesikia.

Mdogo wako,
Selina


Mungaa, 17 Machi 2024

Kwako Selina,

Marahaba. Huku salama. Joyce alipata mafua, yameisha. Kopo jipya limeapishwa Jumatatu. Ni la mafuta ya kupikia, refu kidogo kuliko marehemu, linajiona.

Nimelisoma daftari lako mara nne. Ni mbuzi. Angalia Alhamisi. Umekula mbuzi, umeamka umefungwa. Na nina hakika Jumatatu jioni ulikula mbuzi ukasahau kuandika. Acha mbuzi. Nimemwuliza na mzee wa kanisa, ambaye hajui lolote, naye amekubali.

Pia jifunike usiku. Nimempa Stanley wa basi sweta la Joyce akuletee, na asali lita mbili.

Mwishoni umeandika "Kuhusu gauni nimesikia." Mimi nimeuliza swali, na "nimesikia" si jibu, ni taarifa ya masikio.

Hezekia


Itigi, 28 Aprili 2024

Shikamoo kaka.

Samahani kwa kuchelewa. Sweta limefika, asali imefika pungufu, Stanley anasema ni joto. Kwa Itigi hii inayokausha mlenda juani kwa nusu saa, nimelivaa sweta nikakaa kibarazani. Watu wananiamkia kwa uangalifu kama mtu mwenye mashetani.

Mbuzi niliacha. Siku thelathini na moja. Siku ya tisa nilifungwa, ya kumi na mbili nilifungwa, na kuanzia ya kumi na nane nikafungwa siku sita mfululizo, Rukaiya akinichana nywele. Siku ya thelathini na mbili nilikula mbuzi wa kuchoma na ndizi, nikiwa na hasira, na kesho yake niliamka na vidole vya msichana. Kwa hiyo daftari nimelifunga. Limebaki na kurasa nzuri, naandikia vipimo vya wateja.

Nikwambie ninavyofanya, maana naona unanifikiria nimekaa nalia. Nina vikapu viwili chini ya meza. Kikapu cha kushoto kina kazi za mkono mzuri: kukata, kutia mikono, vifungo, shingo. Cha kulia kina kazi za mkono mbaya: kufumua, kupanga vipande, kupiga pasi kwa kutumia kiwiko, kubishana na wateja. Zamani nilikuwa napanga usiku kesho nitashona nini. Mwaka wa kwanza wa ugonjwa ulinitesa hapo hasa, kuliko hata maumivu. Unalala na mpango, unaamka mpango umekufa, unalia mpaka jioni, na siku imepotea mara mbili. Sasa silali na mpango. Asubuhi naufungua mkono kwanza, chini ya shuka, kabla ya macho. Halafu ndipo najua nivute kikapu kipi. Vyote viwili ni kazi. Siku haipotei.

Umenielewa? Ndiyo maana sijakujibu habari ya gauni. Mimi sina tena mdomo wa kusema "Baada ya mavuno nitafanya." Sina mkono wa kuutimizia mdomo huo ahadi.

Msalimie wifi. Kitambaa chake kiko kikapu cha kushoto, chini kabisa.

Selina


Mungaa, 12 Mei 2024

Kwako Selina,

Marahaba. Mavuno yameanza. Mahindi debe tatu za aibu, mtama umejaza ghala. Kinampanda wamekuja, wameleta mbuzi (usiogope), tumeafikiana: Jumamosi tarehe 2 Novemba.

Habari ya vikapu nimeisoma, nimemsomea na Joyce, akafuta macho kwa aproni akasema ni vitunguu. Ni akili nzuri. Lakini harusi ina tarehe, na tarehe haina vikapu viwili. Watu mia mbili watakaa kwenye viti. Nipe neno moja tu, Selina. Sema "nitashona." Hata kama ni kunipooza.

Hezekia


Itigi, 7 Julai 2024

Shikamoo kaka.

Natumaini wote wazima.

Jenipher hajui kuficha kitu, alipata tabia hiyo kwa mama yake. Jana kwenye simu ameniambia, "Shangazi usijisumbue, baba ameshaniwekea gauni la kukodi pale Singida Mjini, tangu mwezi wa tano."

Mwezi wa tano. Barua yako ya tarehe 12 ilikuwa inaniomba neno moja, na gauni lilikuwa limeshawekwa.

Wewe ni mkulima. Kila mwaka unapanda mahindi, na kando yake unapanda mtama kwa kuwa mvua huijui. Hujawahi kupanda juu ya jiwe ukailazimisha mvua iape. Mimi umenidai kiapo mara tatu, huku umeshapanda mtama wako nyuma ya mgongo wangu.

Sijakukataza kuogopa. Lakini ungeniambia.

Selina


Mungaa, 21 Julai 2024

Mdogo wangu Selina,

Marahaba, ingawa shikamoo yako safari hii ilikuwa ya baridi kuliko ugonjwa wako.

Joyce haongei na mimi tangu barua yako ifike. Ameisoma mwenyewe, kwa sauti, mbele ya Jenipher. Chakula napewa.

Umesema kweli yote. Nilikwenda mjini tarehe 9 Mei, nikamwambia Joyce nafuata dawa ya mbuzi. Mwenye duka aliniuliza vipimo vya bibi harusi, nikamwonesha kwa mikono, "mnene hivi, mrefu hivi," akaniangalia kama mtu anayenunua jeneza. Kesho nikitaka naweza kulifuta. Useme tu.

Lakini nikuambie jambo nililokuwa sitaki kuliandika. Nimeshachana karatasi mbili.

Mama alianza na vidole, kama wewe. Ulikuwa umeshaolewa Itigi, ulikuwa unakuja mara mbili kwa mwaka, na kila ulipokuja mama alikuwa amekaa na khanga juu ya mikono, akisema anahisi ubaridi. Khanga ile nilimwekea mimi, kwa amri yake. Chini ya khanga mkono wa kulia ulikuwa umejifunga mpaka kucha zikaingia kwenye kiganja. Nilikuwa nazikata kila Jumapili kabla ya ibada. Namtumbukiza mkono kwenye maji ya moto, namfungua kidole kimoja kimoja, na yeye muda wote ananisimulia habari za majirani, kama vile mkono ule ni wa mtu mwingine aliyetuazima. Miaka minne. Haukuwahi kufunguka wenyewe hata asubuhi moja.

Basi uliposema una vidole vinavyogoma, mimi sikusikia vidole vyako. Nilisikia vile.

Na jingine, ili niwe nimemaliza. Simu ninayo, salio ninalo. Nilitaka barua ili niuone mwandiko. Kila barua yako ikifika naiweka mezani, napima kwa rula urefu wa herufi, naandika kwenye daftari la mvua, ukurasa wa nyuma. Machi zilikuwa zimenyooka. Aprili zimenyooka. Julai zimenyooka, na zimechimba karatasi, lakini hiyo naona ni mimi. Nikajisemea, mkono unaendelea vizuri. Na bado mwezi wa tano nilikuwa nimeshakwenda kukodi gauni. Sielewi hata mwenyewe.

Kaka yako,
Hezekia


Itigi, 8 Septemba 2024

Kaka yangu, shikamoo. Hii ni ya moto, ipokee.

Huku tunaendelea. Rukaiya amepata mjukuu, amemwita jina la daktari. Mimi nilikuwa vibaya mwezi wa nane, sasa nafuu. Wamenibadilishia kipimo cha dawa. Tunaangalia.

Kaka, umesahau nani alimwosha mama siku alipofariki? Wanawake tulikuwa watatu chumbani, na mkono wa kulia niliuosha mimi. Niliona makovu kwenye kiganja. Niliona pia kucha zimekatwa vizuri, zimezungushwa, hazina hata moja iliyochongoka. Nikajua nani alizikata, maana Joyce hukata kucha kama anafyeka. Miaka kumi na moja nasubiri uniambie, na wewe unasubiri nisijue. Tungeendelea hivyo mpaka na sisi tuoshwe.

Kwa hiyo ndiyo, naufungua mkono chini ya shuka kila asubuhi, na kila asubuhi namwona mama. Daktari anasema mama hakuwa na dawa hizi, mimi ninazo. Nikamuuliza, kwa hiyo sitafika kule? Akasema, "Sitaki kukudanganya." Nilimpenda kwa hilo. Nilitoka nje, nikanunua ndizi, nikazila zote. Nimekwisha kulilia hilo. Siwezi kulilia kila siku, nina sketi za watu.

Kuhusu rula yako: umepima bure. Barua zote nimeandika siku za mkono mzuri. Ile ya Aprili ilikaa mezani wiki tano na neno "Shikamoo" peke yake. Siku isiyo na mvua wewe huandika sifuri. Mimi sifuri zangu hukuzipata, zilikuwa kati ya barua na barua. Ukitaka kujua mkono wangu, usipime herufi. Hesabu siku ulizokaa unamsubiri Stanley.

Sasa gauni. Sikukuahidi na sikuahidi sasa. Lakini nilianza Aprili, wiki ileile niliyokuandikia sina mdomo. Nikajiuliza, gauni gani linaweza kushonwa na mtu asiyeijua kesho? Maana gauni la harusi kwa kawaida ni vipande mpaka siku ya mwisho; ukifungwa katikati, una vitambaa. Nikalishona kinyume. Kwanza nikatengeneza gauni jeupe la kawaida, halina mikono, halina urembo, lina mkanda tu. Mwisho wa Juni lilikuwa limekwisha. Ningefungwa siku ile moja kwa moja, Jenipher angevaa na angependeza. Mwezi wa saba nikatia mikono. Likawa limekwisha tena. Mwezi wa nane nilitia lesi ya pindo, kidogo kidogo, sentimita nane kwa siku nzuri; limekwisha mara ya tatu. Sasa natia shanga. Kila jioni naliacha likiwa gauni zima. Kesho ikija, naongeza. Isipokuja, lipo.

La mjini usilifute. Nilikasirika kwa siri yako, si kwa mtama wako. Liache likae.

Selina


Itigi, 29 Oktoba 2024

Mzee Hezekia, shikamoo.

Anayeandika hapa ni Rukaiya wa vitenge. Selina amelala kando yangu, anasema, mimi naandika kama anavyosema. Anasema niandike kwanza kwamba hii ndiyo barua ya kwanza ya siku mbaya, uiweke kwenye daftari lako la mvua, uandike sifuri.

Anasema mikono yote miwili imefungwa leo siku ya tisa na magoti yamejiunga nayo. Alikwenda hospitali, wamempa sindano, wamesema apumzike wiki mbili, kwenye basi asikae. Anasema hatakuja harusini. Anasema usimpigie simu leo, atasema "mzima."

Anasema gauni liko kwenye boksi kwa Stanley, na Stanley amekula kiapo. Shanga zimeisha mkono wa kushoto. Mkono wa kulia hazikufika. Anasema gauni limekwisha.

Anasema kaka ndiye amfunge Jenipher mkanda, kwa kuwa anajua kushughulika na mikono.

(Mimi Rukaiya naongeza ya kwangu: juzi alinituma nilitoe gauni nimvike mimi, alitazame. Mimi mnene, halikupita mabegani. Tulicheka mpaka nikaogopa nitalichana. Usimwambie nimekuambia.)

Anasema mbuzi anakula.

Rukaiya, kwa niaba ya Selina


Mungaa, 4 Novemba 2024

Mdogo wangu Selina, na Rukaiya unayesoma,

Marahaba zenu zote mbili. Jenipher ameolewa. Joyce amelia kuanzia Ijumaa, sasa amelala.

Gauni lilifika Alhamisi, boksi halijaguswa, Stanley alilipakata njia nzima na akanyima abiria kiti. Jenipher alilivaa, akajiangalia kwenye kioo cha kabati, akageuka huku, akageuka kule. Halafu akasema, "La mjini mlirudishe." Basi. Lilikaa kwenye mfuko wake msumarini siku nzima, kama mgeni ambaye hakuitwa kula.

Wageni wa Kinampanda waliuliza mbona shanga ziko mkono mmoja. Kabla sijafungua mdomo, mama yake Gervas akawajibu kwamba ndiyo fasheni ya sasa huko Dar es Salaam. Nimesikia mabinti wawili wameshamwomba fundi wa Kiomboi awatengenezee hivyohivyo.

Mkanda niliufunga mimi. Wanawake walipinga, wakasema haijawahi kuonekana baba anaingia chumba cha bibi harusi. Nikawasomea barua ya Rukaiya, nikaruka ile sehemu ya mabega. Wakanipisha. Nilisimama nyuma ya mwanangu, vidole vikagoma, mimi ambaye siumwi kitu. Fundo la shangazi silijui. Nilifunga lile la kufungia ndama. Halikulegea mpaka asubuhi, Gervas amelalamika.

Sifuri yako nimeiandika. Nimeandika na nyingine za nyuma, nilihesabu siku kama ulivyosema. Ni nyingi, Selina. Sikujua ni nyingi hivyo. Halafu nilijaribu kutafuta mpango, nikaacha.

Sitakuuliza utakuja lini. Ukiamka vizuri, panda basi. Ukiamka vibaya, mwambie Rukaiya aandike. Nitakuja mimi Krismasi, kama nitaamka.

Ndimi kaka yako,
Hezekia

Nimesahau: saa kumi watu wakiwa wanakula, mvua ya kwanza ya msimu ikashuka, kubwa, tukakimbizana ndani na masufuria. Watu wakaniuliza, mzee, milimita ngapi? Sijui. Kopo lilikuwa mezani, limejaa kachumbari.